UMERIDHIKA? SWALI HILO HALITOSHI



Katika miaka hii ya karibuni limeingia jambo jipya katika hospitali na maduka ya dawa. Mtu akiisha kupokea dawa zake dirishani, hupewa karatasi ndogo, au huletewa maswali katika simu yake ya mkononi, aseme kama ameridhika. Je, mwenye kutoa dawa alikuwa mpole? Je, ulingoja sana? Je, ulielezwa dawa yako? Umeridhika sana, umeridhika, au hukuridhika? Nasi, kwa kuwa tu watu wa adabu, na tena matatu inataka kuondoka, twatia alama penye "nimeridhika sana" na kwenda zetu.

Hatuna ugomvi na karatasi hiyo. Ni afadhali mfanyakazi aulizwe kuliko asiulizwe, na wazee wetu hawakuulizwa kamwe. Lakini leo twataka kusema habari ya ugonjwa mmoja, nao ni pumu, kwa sababu katika ugonjwa huu mtu aweza kuridhika sana na maelezo ya mfamasia hali hakufundishwa neno, na kuridhika kwa namna hiyo kwaweza kumtoa roho.

Tuanze na ndugu yetu mmoja. Hatutataja jina lake wala mahali anapofanya kazi, maana ndivyo alivyotuomba. Inatosha kusema kwamba ni mtu wa kiwanda cha unga, idara ya kufunga mifuko, na kwamba amekuwa na pumu kwa miaka sita. Kila dawa yake inapokwisha huenda kwa kemisti karibu na steji, hutoa fedha, na hupewa inhela ya buluu, yaani kile kikopo cha kuvuta dawa kwa mdomo, ndani ya bahasha ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu "2 x 4". Mwuzaji humsalimu kwa jina, humwuliza habari za nyumbani, na siku nyingine humpunguzia shilingi kumi. Ndugu yetu alipoletewa maswali ya kuridhika, alitia alama ya juu kabisa kila mahali. Wala hakusema uongo. Alikuwa ameridhika kweli.

Basi usiku mmoja, katikati ya zamu, kifua kilimfunga. Alitoa inhela mfukoni akabonyeza, akabonyeza tena, akabonyeza mpaka wenzake wakaacha mashine wakamzunguka. Kikopo kilikuwa kikilia "fss, fss" kama kawaida, lakini pumzi haikurudi. Walimbeba kwa kitoroli cha mifuko mpaka langoni. Huko dereva wa zamu hakuwako, ikawa ni kusimamisha gari la mtu barabarani. Alifika hospitali midomo imegeuka rangi, akatiwa hewa ya oksijeni, akalala siku nne.

Siku ya kutoka, muuguzi mmoja mama mtu mzima alimwambia, "Hebu nionyeshe unavyovuta hiyo dawa yako." Ndugu yetu akafunua mdomo, akaishika inhela mbali kidogo, akabonyeza kama mtu anayepulizia mbu, akameza mate. Yule mama hakucheka. Alisema, "Baba, kwa miaka sita umekuwa ukiupaka ulimi wako dawa." Kisha akakitikisa kile kikopo karibu na sikio lake, akamwuliza alikifungua lini. Ndugu yetu hakujua. Dawa iliyokuwa ndani ilikuwa imekwisha, na kilichokuwa kikitoka ni ile gesi ya kusukumia tu.

Tulipokwenda kumwona nyumbani alitwambia neno ambalo ndilo limetufanya tuandike makala haya. Alisema, "Lakini yule wa kemisti ni mtu mwema sana. Hajanikosea hata siku moja."

Hapo ndipo penye shida. Mtu mwema, na mgonjwa aliyeridhika, na katikati yao dawa isiyofika kifuani.

Yafaa tueleze kidogo jinsi kikopo hiki kilivyo, maana si kama vidonge. Kidonge ukikimeza, kimekwenda. Tumbo lajua kazi yake. Inhela hutaka mikono, mdomo na pumzi vifanye kazi pamoja kwa nukta moja. Kwanza hutikiswa. Kisha mtu hutoa pumzi yake nje polepole, mpaka kifua kiwe chepesi. Huweka mdomo wa chombo katikati ya meno na kufunga midomo kabisa, pasiwe na mwanya. Huanza kuvuta pumzi taratibu, na hapo anapoanza kuvuta ndipo hubonyeza mara moja, huku akiendelea kuvuta mpaka kifua kijae. Akiisha, huzuia pumzi kwa kuhesabu hadi 10, au kadiri anavyoweza. Ikiwa ameambiwa avute mara mbili, hungoja nusu dakika au dakika nzima, akatikisa tena, akaanza upya. Habonyezi mara mbili kwa pamoja. Akikosea hapo katikati, dawa hugonga nyuma ya koo na kubaki huko. Mtu husikia ladha yake, akadhani ameipata.

Kikopo cha namna hii kilianza kuuzwa Marekani mwaka 1956. Inasemekana binti mmoja mwenye pumu alimwuliza baba yake, aliyekuwa mkubwa wa kampuni ya dawa, kwa nini dawa yake isitiwe katika mkebe wa kupuliza kama marashi ya nywele. Lilikuwa swali zuri la mtoto. Lakini tangu siku hizo hadi leo watu wameshindwa kukitumia vizuri, wala si sisi Waafrika peke yetu, kama wengine wapendavyo kufikiri. Mwaka 2016 watafiti walitoa hesabu waliyoikusanya kutoka nchi nyingi, toka mwaka 1975 mpaka 2014, ya wagonjwa zaidi ya 54,000 wa pumu na wa magonjwa mengine ya kifua. Waliotumia inhela sawasawa walikuwa 31 tu katika kila 100. Na katika miaka yote hiyo 40 mambo hayakuwa yamekuwa bora. Makosa yaliyoonekana zaidi kwa kikopo hiki ni yale yale ya ndugu yetu wa unga: kubonyeza na kuvuta havikupatana, pumzi ilivutwa vibaya, na baadaye haikuzuiwa.

Sasa twauliza. Ikiwa ni watu 31 katika 100 wanaofanya sawa, je, hao wengine wote walikuwa wamenung'unika kwa mfamasia wao? Hata kidogo. Wengi wao walikuwa watu kama sisi, waliopokea dawa, wakasema asante, wakaenda. Mgonjwa hawezi kulalamikia jambo asilojua kwamba amenyimwa. Mtu aliyekatwa mshahara bila kupewa karatasi ya mshahara naye aweza kuridhika, mpaka siku atakapoiona karatasi. Hili sisi watu wa chama twalijua kuliko wote.

Kwa hiyo twasema kwamba maswali ya kuridhika, yakiwa juu ya upole na haraka peke yake, hupima tabia ya dirisha, hayapimi kama dawa imefika mahali pake. Swali la kweli ni lile la yule muuguzi: "Hebu nionyeshe." Mfamasia akisema neno hilo, akatazama, akakosoa, akaonyesha kwa mkono wake mwenyewe kwa kikopo kisicho na dawa, akamwambia mgonjwa arudie, hapo ndipo ushauri umetolewa. Kusema "vuta mara mbili asubuhi na jioni" ni kusoma maandishi ya bahasha kwa sauti, na sisi kusoma twajua.

Wala si kazi ya saa nzima. Walioijaribu wasema dakika mbili au tatu zatosha kumwonyesha mtu mmoja. Huko Australia wafamasia wa maduka ya kawaida walifanya hivyo kila mgonjwa aliporudi, nao waliandika hatua alizokosea kwenye kibandiko kilichobandikwa juu ya inhela yake yenyewe, ili kila akiishika azione. Wagonjwa walivuta dawa vizuri zaidi na pumu yao ikatulia zaidi. Jambo la kukumbuka ni kwamba somo hili husahaulika upesi. Baada ya majuma manne hadi sita makosa huanza kurudi. Kwa hiyo kufundishwa mara moja mwaka ulioanza ugonjwa si kufundishwa.

Kuna tena habari ya rangi. Kwa desturi inhela ya buluu ni ya kufungua kifua kilichofungika, na nyingine, ambayo mara nyingi ni ya rangi ya kahawia, ni ya kuzuia, yaani hutuliza uvimbe wa ndani ya njia za hewa kidogo kidogo kila siku. Ya buluu huleta nafuu hapo hapo, na kwa hiyo twaipenda. Ya kuzuia huonekana kama haifanyi kitu, tena bei yake ni kubwa zaidi, na kwa hiyo twaiacha. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu umesema watu wazima wasitibiwe kwa dawa ya buluu peke yake, kwa sababu hufungua mlango bila kuzima moto. Na mwongozo huo wasema tena kwamba mtu anayemaliza vikopo vitatu au zaidi vya buluu, vya kubonyeza mara 200 kila kimoja, katika mwaka mmoja, amo katika hatari zaidi ya kushikwa vibaya. Akifika 12 kwa mwaka, hatari ni ya kifo.

Ndugu yetu wa unga alikuwa akinunua karibu kimoja kila mwezi. Hesabuni wenyewe.

Nani aliyejua hesabu hiyo? Daktari hakujua, kwa maana hakuwa amemwona kwa miaka miwili. Mkewe hakujua. Nyapara ndiye mtu wa mwisho ambaye ndugu yetu angemwambia. Mtu mmoja tu aliyeviona vikopo vyote kimoja baada ya kingine ni yule aliyeviuza. Angeweza kusema, "Rafiki, hiki ni cha tatu tangu Januari, sitakuuzia tu hivi hivi; tuzungumze." Ndugu yetu angekasirika siku hiyo. Pengine angetia alama ya "sikuridhika". Lakini asingebebwa kwa kitoroli.

Hapa lazima tuseme haki. Mfamasia na wasaidizi wake ni wafanyakazi kama sisi. Katika hospitali nyingi watu wawili huhudumia foleni inayozunguka jengo, na katika maduka mengi kijana mmoja husimama toka asubuhi mpaka usiku, huku mwenye duka akihesabu mauzo tu. Hakuna anayemlipa kwa dakika tatu alizotumia kufundisha. Akizitumia, watu wa nyuma humpigia kelele, na mara nyingi wapigao kelele ni sisi. Tena si wote waliofundishwa kutumia vyombo hivi; wengi katika watumishi wa afya, hata katika nchi tajiri, wakiambiwa waonyeshe hukosea. Sisi hatutaki chama hiki kigeuke fimbo ya kumpiga mfanyakazi mwenzetu aliye nyuma ya dirisha. Twataka dirisha lenyewe litazamwe.

Litazameni. Tundu dogo, vyuma, na kioo. Mgonjwa huinama ili asikiwe. Nyuma yake wamesimama watu 20, na katika zahanati ya kampuni hao 20 ni watu wa idara yake, na pengine nyapara mwenyewe. Kibarua anayeogopa kutoitwa kesho, je, atatoa inhela hapo na kuonyesha jinsi anavyohema? Atasema "najua, najua," achukue bahasha aondoke. Twawajua wanachama wanaoficha pumu kama mtu anavyoficha deni. Wengine huvuta dawa chooni. Hawaoni haya ya ugonjwa. Wanaogopa kwamba siku ya kupunguza watu jina lao litakuwa la kwanza. Kwa hiyo mahali pa faragha, hata pembe moja yenye pazia, si anasa katika jambo hili.

Na liko swali ambalo mfamasia akiliuliza linafaa kuliko yote, nalo haliulizwi kabisa: "Wafanya kazi gani?" Pumu ya watu wengine huanzia nyumbani, ya wengine hurithiwa, lakini iko pia pumu inayoletwa au kuzidishwa na kazi. Vumbi la unga na la nafaka lajulikana sana kwa jambo hilo. Vumbi la mbao, kadhalika. Vumbi la kahawa mbichi katika maghala, na pareto. Rangi za kupuliza magari zenye isosianeti, ambazo mafundi wetu huzipuliza katika magereji wakiwa wamefunga kitambaa puani. Dawa za kusafishia, hasa mtu anapochanganya ile ya klorini na ile ya amonia katika ndoo moja. Swali la kufuatia ni rahisi: je, kifua hukaa vizuri zaidi siku za mapumziko na wakati wa likizo? Akijibu ndiyo, huyo si mtu wa kuongezewa kikopo kingine tu. Ni mtu wa kupelekwa kwa daktari na barua, na kazi yake kuangaliwa.

Wako watakaosema, "Chama ni cha mishahara, mambo ya kuvuta dawa yaacheni kwa hospitali." Twawajibu kwa hesabu ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mtu aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika mwaka. Mwenye pumu isiyotulizwa humaliza siku hizo kabla mvua ndefu hazijaisha. Kibarua wa siku hana hata hizo. Tena sisi sote twakatwa shilingi 2.75 katika kila shilingi 100 kwa ajili ya bima ya SHA, iliyoanza kazi Oktoba 2024 mahali pa NHIF ya tangu 1966. Fedha zetu zinaponunua dawa inayoishia ulimini, zimepotea fedha zetu.

Na haki si jambo la kuombaomba. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yasema mwenye kununua bidhaa au huduma ana haki ya kupewa habari zinazohitajiwa ili afaidike nayo kikamilifu. Inhela bila maonyesho ni bidhaa isiyofaidisha kikamilifu. Hatujui mfano ulio wazi kuliko huo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo yataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoifahamu na kwa namna inayolingana na elimu yake. "2 x 4" si lugha ya mtu yeyote. Na ikiwa ugonjwa umetokana na kazi, iko Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ambayo hutambua magonjwa ya kazi pamoja na ajali. Lakini mwanachama ambaye hakuna aliyemwuliza kazi yake hatakuwa na maandishi ya kupeleka popote.

Basi twapendekeza hivi kwa matawi. Mahali ambapo mwajiri ana zahanati yake, au amepatana na duka la dawa, mapatano yajayo yataje kwamba kila mwenye pumu ataonyeshwa na kutazamwa kila anapochukua dawa, mahali pasipo masikio ya wengine, na kwamba habari zake hazitapelekwa kwa ofisi ya wafanyakazi bila ridhaa yake. Neno hilo la mwisho tulishike kwa nguvu, maana bila hilo watu wataendelea kuvutia chooni. Pia waliofundishwa huduma ya kwanza katika kila zamu wajue kumsaidia mtu aliyeshikwa: akae wima, avute dawa ya buluu, asilazwe chali wala kuzungukwa, na gari liwe tayari hata saa nane za usiku. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama. Kamati nyingi hukutana kunywa chai. Ziwekeeni jambo hili mezani.

Sisi wenyewe nasi tuna kosa letu. Twamtuma mtoto achukue inhela. Twaazimana vikopo kama kiberiti. Twakiacha juani kwenye kioo cha mbele cha gari, kipate joto. Wako wanaokitia majini waone kama kitaelea, wakidhani hiyo ni dalili ya kuisha. Dalili hiyo hudanganya. Njia iliyo salama ni kuandika tarehe ya kukifungua na kuhesabu: kikopo cha mara 200, kwa mtu avutaye mara 2 asubuhi na mara 2 jioni, ni cha siku 50, basi, hata kikiendelea kulia. Na anayetumia ile ya kuzuia asukutue kinywa na kutema maji, asije akaota utando mweupe mdomoni akaitupa dawa kwa hasira.

Kwa wale ambao kubonyeza na kuvuta pamoja kumewashinda, na kwa watoto, kiko chombo cha katikati kiitwacho speisa, ambacho hushika dawa mpaka mtu aivute kwa pumzi zake. Dukani bei yake si ya kibarua. Lakini mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa tako kwa kadiri ya mdomo wa inhela na kuzibwa vizuri, iliwasaidia watoto wenye pumu sawa na chombo cha dukani. Mwombeni mfamasia awaonyeshe jinsi ya kuitengeneza. Akiwa hajui, mwambieni aulize. Si aibu kwake.

Na ile karatasi ya maswali? Tusiitupe. Mkiletewa tena, someni lile swali lisemalo "Je, ulielezwa dawa yako?" na mjiulize kama mtu yeyote aliwatazama mkivuta. Ikiwa hakuna, andikeni hivyo chini, kwa maneno yenu, hata kama kijana wa dirishani ni mpole na anawajua kwa jina. Haitakuwa kumshitaki. Wakubwa wake wakiona karatasi 40 za namna moja, huenda wakampa msaidizi, na pembe, na pazia.

Yule ndugu yetu amerudi kazini. Anazo inhela mbili sasa, ya buluu na ya kahawia, na tarehe zimeandikwa kwa kalamu ya wino juu ya kila moja. Alikwenda kwa yule kemisti wake akamweleza mambo yote, na yule bwana alinyamaza kitambo, akatoa inhela tupu kabatini, akasema, "Nionyeshe na mimi alivyokufundisha yule mama." Wamekuwa wakifundishana tangu hapo. Lakini idara ya kufunga mifuko bado ina vumbi lile lile, na feni ya kunyonya vumbi bado ni mbovu. Tawi limempelekea mwajiri barua juu ya feni hiyo. Jibu likija tutalichapa hapa.